Je, wajua kwa nini ripozitori nyingi za vyuo vikuu hubaki nusu tupu?

Ingia maktaba ya chuo kikuu chochote cha zamani huku kwetu, utakuta kona imejaa tasnifu za masters na PhD, majalada magumu meusi na ya bluu, maandishi ya dhahabu mgongoni, na vumbi. Humo mna utafiti wa mihogo, wa malaria, wa mirathi, lakini aliyeko Kigoma akiusachi Google haupati. Ripozitori ni dawa ya hilo, yani tovuti ya chuo inayotunza kazi za watu wake na kumwachia yeyote asome bure.

Sasa mbona zinaanzaga kwa mbwembwe, mkubwa anakata utepe, halafu zinadorora?

Programu siyo shida. DSpace, programu ya kuendeshea ripozitori iliyotolewa 2002 na chuo cha MIT cha Marekani wakishirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard, ni ya bure, na hata chuo cha kilimo cha SUA pale Morogoro na Makerere kule Kampala wanaitumia. Shida ni nani anaijaza, na huyo mara nyingi ni mkutubi.

Angalia tasnifu moja tu ya zamani. Inaskaniwa ukurasa kwa ukurasa, na kwa sababu jalada ni gumu haifunguki vizuri, katikati panatoka kivuli, unarudia. Halafu PDF ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi ili maneno yasachike, halafu ndo fomu: mwandishi, kichwa, mwaka, msimamizi, ikisiri, hakimiliki. Kwenye jina tu ni balaa, maana Mushi J., John Mushi na J. K. Mushi mfumo unawahesabu watu watatu, na mkutubi makini inabidi aache kila kitu afukue kama ni yuleyule. Yote haya anayafanya huku wanafunzi wamejipanga kaunta na intaneti inakatika, na ikifika tathmini ya mwisho wa mwaka bosi anauliza vitabu vingapi vimeazimwa. Ripozitori haimo kwenye fomu. Nani atakesha na kazi isiyohesabiwa?

Ndo maana mi sina imani sana na warsha za kumhamasisha mkutubi. Umuhimu anaujua, kausoma darasani, anakula chakula cha mchana cha warsha anarudi kwenye skana ileile. Kinachomsogeza ni kazi hiyo iingie kwenye majukumu yake rasmi, ihesabiwe akipandishwa cheo, na asiachwe peke yake kuwabembeleza wahadhiri watoe makala zao.

Kwa wahadhiri kuna funzo kutoka Marekani. Chuo Kikuu cha Rochester, Nancy Fried Foster na Susan Gibbons waliwafuatilia wahadhiri wanavyofanya kazi, wakaandika 2005 kwamba habari za malengo ya chuo haziwagusi kivile, wao wanataka kazi zao zionekane, zisomwe, na wasiongezewe mzigo. Kwa hiyo mkutubi anayemwendea mhadhiri na idadi ya watu waliopakua makala yake, na nchi walizoko (DSpace inaonyesha), anafika mbali kuliko anayekuja na barua ya sera.

Chuo Kikuu cha Minho, Ureno, walijaribu pesa: sera yao ya 2005 ilizipa idara fungu kulingana na zinavyoweka kazi zao kwenye ripozitori. Mimi lakini walionikosha ni Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji. Rekta (mkuu wa chuo) wao wa wakati huo, Bernard Rentier, hakutoa hela, alisema tu kwamba chuo kikikaa kutathmini watu wake kitaangalia orodha iliyomo kwenye ORBi, ripozitori yao iliyofunguliwa 2008, basi. Makala haimo? Haihesabiwi. Waandishi wakaanza kuweka kazi zao wenyewe, maktaba ikabaki kuelekeza na kusaidia wanaokwama.

Huku kwetu msukumo mwingine ulitoka kwa Webometrics, ile orodha ya Wahispania iliyoanza 2004 kupanga vyuo kwa uwepo wao mtandaoni, ambayo kwa miaka kadhaa ilihesabu hadi mafaili ya PDF. Mkuu wa chuo akiona jirani kampita anaipigia maktaba simu siku hiyohiyo, ingawa wengine wakaishia kupakia hata ratiba za mitihani ili namba ipande. Mkutubi mjanja simu hiyo haiachi ipite bure: anaomba skana ya pili, kijana wa kuingiza data, na mstari mmoja kwenye kanuni za chuo kwamba hakuna anayehitimu PhD kabla faili la tasnifu yake halijafika maktaba.