Usanifu unaomlenga mgonjwa ni nini, na mtu wa eksirei anaingiaje hapo

Wengi wakisikia "usanifu unaomlenga mgonjwa" wanadhani ni kupaka ukuta rangi nzuri na kuweka tivii pale pa kusubiria. Hapana. Maana yake ni kwamba mashine ikianza kuchorwa tu, yule atakayelala juu yake ameshahesabiwa, sio aje abembelezwe baadae ili aizoee.

Chukua mamografia, kipimo cha matiti. Titi linawekwa kwenye bamba, bamba la juu linashuka linaliminya, na kina mama wengine wakitoka pale wanaapa hawarudi. Sasa kule kuminya sio ukatili, titi likiwa jembamba mionzi inayohitajika inakua kidogo na picha inatoka safi, kwahiyo huwezi kusema basi tuache kuminya. Ila kuna watu wakajiuliza, kwani lazima anayeminya awe mtu mwingine? Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ikaruhusu mashine ya kampuni ya GE, Senographe Pristina, itumike na rimoti ya mgonjwa mwenyewe: mtaalamu anamweka mama sawa, anaanza kuminya kidogo, halafu mama anabonyeza mwenyewe, anaongeza au anapunguza, mtaalamu akiona inatosha ndo anapiga picha. Bamba ni lilelile, kitufe tu ndo kimehamia mkononi mwa mwingine.

MRI nayo, ile mashine ya sumaku unayoingizwa ndani ikupige picha za mwili, ina visa vyake, tundu mara nyingi ni sentimita 60 au 70 tu, ndani panagonga kama umelala kwa mafundi bati, na ukitikisika picha imeharibika mnaanza upya. Ndo maana watoto wengi huwa wanalazwa usingizi kwa dawa kwanza. Doug Dietz, msanifu wa GE, alimuona mtoto analia mbele ya mashine aliyoibuni yeye mwenyewe, baadae hospitali ya watoto ya Pittsburgh chumba cha vipimo kikageuzwa kisa cha maharamia, mtoto anaambiwa atulie kama yuko ndani ya kisa hicho.

Mtu wa eksirei sasa. Sio daktari wa mionzi, yule anasoma picha, huyu ndo anayekushika bega na kukwambia vuta pumzi, bana, usitikisike. Anajua bibi mwenye goti bovu anavohangaika kupanda meza, kitu ambacho injinia ofisini hakioni. Akiamua kwenda njia ya chuo, masters mpaka PhD, lile swali alilotoka nalo chumbani ndo linakua utafiti wake: picha ngapi zilirudiwa, maana kurudia eksirei ni mionzi tena, na maumivu yalikua mangapi kati ya 0 na 10. Halafu anafundisha, na anakaa meza moja na mainjinia.

Mi kinachoniudhi ni wale wanaomaliza kifaa kwanza halafu wanampa mgonjwa fomu ajaze kama ameridhika. Wakati huo meza imeshachomelewa.