Mkopo wa chuo huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa

Kila mwaka, majina ya awamu ya kwanza ya waliopata mkopo yakishatoka, mlango wa ofisi yetu ya mikopo hapa chuoni haufungwi. Wanakuja na mabegi mgongoni, wengine wametoka stendi moja kwa moja, na swali ni lilelile: "Mama, mbona mimi nimekosa na mwenzangu amepata? Kwao wana duka, kwetu hatuna kitu." Namwambia avute kiti, afungue akaunti yake, tusome maombi yake pamoja. Mara nyingi hali ya kwao ni ngumu kama anavyosema. Ila karatasi zake hazikuisema.

Hilo ndilo natamani kila mzazi mwenye mtoto wa kidato cha sita alijue mapema. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hapa Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, haiji kwenu kuangalia paa la nyumba. Inasoma ulichojaza kwenye mfumo wake wa maombi, OLAMS, na inasoma kile ambacho mamlaka nyingine zimekithibitisha juu yako. Uhitaji wako unapimwa humo. Yatima asiye na cheti cha kifo cha mzazi, mbele ya mfumo, ana wazazi wote wawili.

Nina mfano nisioweza kuusahau. Alikuja kijana ambaye baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Alikuwa na bahasha ya kaki, ndani yake karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Kwa miaka yote nyumbani walijua kile ndicho cheti cha kifo. Kilikuwa kibali cha mazishi. Ikabidi arudi wilayani, ofisi ya Katibu Tawala, ambako vizazi na vifo husajiliwa, kufuatilia cheti chenyewe. Alipokipata, jina la baba liliandikwa Asumani, na kwenye cheti chake cha kuzaliwa ni Athumani. Sisi wawili tunajua ni mtu mmoja, ila mfumo unaona watu wawili. Akaenda kuapa, akarekebisha, na dirisha la maombi likafungwa bado yuko njiani. Mwaka ule wa kwanza mama yake aliuza mbuzi.

Kwa hiyo, mzazi, fungua hiyo bahasha leo. Weka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti vyake vya shule na cheti cha kifo cha mzazi, kama kipo, juu ya meza moja, usome majina herufi kwa herufi. Kisha vyeti vya kuzaliwa na vya kifo vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, au kwa upande wa Zanzibar, na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Uhakiki hufanyika mtandaoni na huchukua siku kadhaa. Ukisubiri wiki ya mwisho utapanga foleni na nchi nzima. Mtoto akiwa anasubiri matokeo ya kidato cha sita, huo ndio muda wenyewe.

Kuna uthibitisho mwingine ambao watu huuacha kwa aibu. Kaya yenu ikiwa inanufaika na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, namba ya kaya ijazwe. Mwombaji au mzazi mwenye ulemavu athibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa kwenye fomu husika. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili, awe mtu, taasisi ya dini au shirika, apate uthibitisho wa mfadhili huyo, hasa kama shule ilikuwa ya kulipia. Bila karatasi hiyo, ada ya ile shule itahesabika kuwa ni uwezo wa wazazi wako. Nimeona binti aliyelelewa kituoni akionekana kwenye maombi kama mtoto wa tajiri, kwa sababu hiyo tu.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne unayoombea mkopo iwe ileile uliyoombea chuo. Waliorudia mtihani ndio hujikwaa hapa.

Fomu ikishajazwa huchapishwa, ikasainiwa na wewe, mdhamini wako, kiongozi wa serikali ya mtaa, kijiji au shehia, na wakili au hakimu, kisha kurasa zenye sahihi zinapandishwa tena kwenye mfumo. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, inalipwa kwa kumbukumbu namba ambayo mfumo wenyewe unakupa. Anayekwambia umwongezee kitu ili "akusukumie" huko ndani ni kishoka. Hana mlango wowote anaoujua. Na ukienda kujaziwa maombi kwenye duka la intaneti, kaa pembeni ya anayekujazia mpaka mwisho. Namba ya simu iwe yako, nywila iwe yako, uondoke nayo umeiandika kwenye daftari. Nimepokea wanafunzi wasioweza kuingia kwenye akaunti zao kwa sababu zimefunguliwa kwa namba ya mwenye duka, na duka lenyewe limeshahama.

Sasa tuseme umepata. Umepata nini? Hapa maneno huchanganywa sana, hata kwenye vikao vya harambee nasikia watu wakisema mtoto "amepewa ruzuku na serikali". Ruzuku au ufadhili ni pesa usiyoirudisha. Upo, ila ni wa wachache: Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, huwalipia waliofaulu kwa alama za juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita na wakachaguliwa kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Wengine wengi wanaosaidiwa wanapata mkopo, yaani pesa ya kurudisha. Tangu 2023/2024 mikopo imewafikia pia wanafunzi wa stashahada kwenye fani za kipaumbele, kama vile afya na ualimu wa sayansi. Wazanzibari wana pia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar.

Mkopo una mafungu. Chakula na malazi, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya zamani. Kuna vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti, mahitaji maalumu ya kitivo, na ada. Ada ndipo panapotofautiana: mmoja analipiwa yote, mwingine sehemu tu, kulingana na alivyopimwa. Ingia kwenye akaunti yako, usome fungu kwa fungu. Ada ya programu yako ikiwa milioni 1.3 na umepangiwa nusu, kuna shilingi 650,000 zinazomsubiri mzazi, na ni heri azijue Oktoba kuliko kuzisikia ukizuiwa mtihani.

Bumu lenyewe halifiki siku unayoripoti. Unasajiliwa kwanza, unathibitisha kwenye mfumo kwamba upo, ndipo pesa zinaingia. Ukija bila chakula cha wiki chache za mwanzo utateseka, na ukipanga geto nje ya chuo, wenye nyumba wengi wanadai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Bumu la siku 60 ni shilingi 600,000. Toa kodi humo uone kinachobaki.

Marejesho yanaanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani anayelipwa 800,000 anakatwa 120,000 kila mwezi. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato chake, isipungue 100,000 kwa mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikilivimbisha deni mwaka hata mwaka, ilifutwa 2021. Waliosoma zamani wakaogopa hata kuuliza salio lao, waulize sasa.

Na aliyekosa asirudi nyumbani akae. Baada ya awamu kutoka, Bodi hufungua dirisha la rufaa, na hilo ndilo la kuwasilisha cheti kilichokosekana au kurekebisha kilichokosewa. Yule kijana wa Asumani na Athumani aliomba upya mwaka uliofuata, majina yakiwa yamelingana. Alipata fungu la ada na bumu. Alikuja ofisini na ile bahasha ya kaki, akaomba nimtolee nakala ya kila kitu, kwa ajili ya mdogo wake aliyekuwa kidato cha tano.