Mchambuzi wa mfuko wa uwekezaji: ngazi zake na saa zake za kazi

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja ni chungu kimoja cha fedha za watu wengi: mwalimu wa Nyamagana, mwenye duka Igoma, chama cha akiba cha wavuvi Ukerewe. Kila mmoja ananunua vipande, yaani sehemu za mfuko, na fedha hizo zinawekwa kwenye hatifungani za serikali (mikopo ambayo serikali huchukua na kuilipia riba), hisa na amana za benki. Mchambuzi ndiye anayechunguza kitu kabla hakijanunuliwa, kisha anaendelea kukifuatilia.

Wengi humchanganya na dalali. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, dalali wa dagaa anapata chake gunia likishauzwa. Dalali wa hisa naye anakula kamisheni kwa kila muamala. Mchambuzi analipwa mshahara, hivyo akisema "tusinunue" na bei ikaporomoka, ameifanya kazi yake vizuri ingawa hakuna kilichonunuliwa.

Kwenye kampuni kubwa za nje ngazi huanzia mchambuzi msaidizi, mchambuzi, mchambuzi mwandamizi, hadi meneja wa mfuko, ambaye ndiye anayeamua kinunuliwe nini na kwa kiasi gani. Wapo wanaobaki wachambuzi maisha yote, wakibobea kwenye benki au saruji tu, na wanalipwa vizuri. Kwenye taasisi za umma hapa kwetu Tanzania utakutana na Afisa Uwekezaji Daraja la II, la I, Mwandamizi, kisha Mkuu. Jina la cheo lisikuzuge. Uliza nani anasaini pendekezo la kununua, maana mwenye sahihi hiyo ndiye mwenye ngazi.

Mgeni kazini anapewa kujaza jedwali la hesabu za kampuni, na makosa mengi huzaliwa hapo. Taarifa moja imeandikwa kwa mamilioni ya shilingi, nyingine kwa maelfu. Ukikosa kusoma kile kimstari kidogo juu ya safu, faida kwa kila hisa inavimba mara 1,000 na hisa mbovu inaonekana ya bure. Kosa jingine ni kusahau kwamba kampuni imetoa hisa mpya: unagawa faida ya mwaka huu kwa idadi ya hisa za mwaka jana.

Thamani ya kipande hukokotolewa kila siku ya kazi. Chukua mfuko wenye mali za shilingi bilioni 12.4 na madeni ya milioni 400: zinabaki bilioni 12. Ukigawa kwa vipande milioni 15, kila kipande ni shilingi 800. Bei moja ya hatifungani ikikosewa, anayeuza vipande vyake siku hiyo anapunjwa au anawapunja waliobaki.

Anayetaka kupanda husoma CFA, sifa ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji. Ina mitihani mitatu, na kila mmoja unadai kama saa 300 za kusoma. Juu yake kuna saa 4,000 za uzoefu wa kazi katika muda usiopungua miezi 36. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), Malimbe, anaweza kuanza kusoma akiwa Mwanza, ila ajira zenyewe nyingi ziko Dar es Salaam.

Saa za kazi zinafuata kalenda. Benki huchapisha hesabu kila robo mwaka, kwa hiyo mwishoni mwa Januari, Aprili, Julai na Oktoba watu hutoka kazini usiku. Katikati ya hapo siku nyingi huisha saa kumi na moja jioni, mbali kabisa na masimulizi ya kukesha, ambayo mengi ni ya benki za uwekezaji, zile zinazosaidia kampuni kutafuta mitaji na kununuana. Anayefuatilia hisa za Marekani ana shida yake: soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, au kumi na moja na nusu kwao kukiwa baridi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa angalau mara moja na nusu. Lakini ukipandishwa ukawa unasimamia wenzako na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, vifungu hivyo vya saa havikuhusu tena. Ipige hesabu hiyo kabla ya kusaini barua ya cheo kipya.