Obama wa Springfield: yanayosimuliwa na yaliyomo kwenye kumbukumbu za uchaguzi

Barack Obama hahitaji utambulisho kwa msomaji wa Kiswahili. Ukitaja Kogelo tu inatosha. Ila ukiuliza alikuwa nani kabla ya 2008, jibu huwa fupi: "Alikuwa seneta." Seneta wa wapi, alimshinda nani, aligombea mara ngapi? Hapo kila mtu ana hadithi yake.

Kwanza neno moja linalochanganya. Kwa Mtanzania "jimbo" ni eneo la mbunge mmoja. Hapa jimbo ni Illinois nzima, na eneo alilowakilisha Obama tutaliita wilaya ya 13, kama linavyoitwa kule.

"Alikuwa Washington tangu miaka ya tisini"

Kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 alikuwa seneta wa Illinois, akihudhuria bunge lililoko Springfield, kilomita 320 hivi kutoka Chicago. Useneta wa Washington aliuanza Januari 2005. Seneti ya Marekani ina watu 100, wawili kutoka kila jimbo. Seneti ya Illinois ina watu 59, kila mmoja na wilaya yake, na kwa sensa ya 1990 wilaya moja ilikuwa na wakazi wapatao 194,000.

Mkenya asimfananishe seneta wa jimbo na mwakilishi wadi. Bunge la jimbo la Marekani hutunga sheria za jinai, kodi, shule na polisi. Hata adhabu ya kifo ilikuwa mikononi mwake. Lakini si kazi ya mwaka mzima. Vikao vikuu huanza Januari hadi mwisho wa Mei, kisha kuna kikao kifupi mwezi Novemba cha kupitia miswada ambayo gavana ameikataa. Ndiyo maana Obama aliweza kuendelea kufundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago miaka yote hiyo.

"Alizaliwa Kenya, kwa hiyo hata kugombea Illinois hakuruhusiwa"

Alizaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961. Na hata angezaliwa kwingine, hoja hii isingesimama. Katiba ya Illinois inamtaka mgombea awe raia wa Marekani, awe ametimiza miaka 21, na awe ameishi ndani ya wilaya yake kwa miaka miwili kabla ya uchaguzi. Uraia wa kuzaliwa ni sharti la urais, si la Springfield.

"Alimbwaga Alice Palmer kwenye sanduku la kura"

Hii ndiyo inayosimuliwa vibaya kuliko zote, na ndiyo yenye mafunzo mengi kwa anayetaka kujua uchaguzi wa kule unavyoendeshwa. Obama na Palmer hawakuwahi kukutana kwenye karatasi ya kura.

Palmer ndiye aliyekuwa seneta wa wilaya ya 13. Mwaka 1995 alikitamani kiti kimoja cha Bunge la Washington, kile kilichobaki wazi mwaka huo baada ya Mel Reynolds kujiuzulu. Obama akatangaza Septemba 1995 kwamba atagombea kiti cha Palmer, na Palmer mwenyewe alimuunga mkono. Tarehe 28 Novemba ukafanyika mchujo wa chama cha Democratic, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama. Jesse Jackson Mdogo akashinda, Emil Jones akawa wa pili, Palmer wa tatu. Wafuasi wake wakamtaka abaki Springfield, na Obama akaombwa apishe. Akakataa.

Sasa tazama kalenda. Mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa tarehe 18 Desemba, yaani siku 20 tu tangu Palmer aanguke. Mgombea alihitaji sahihi 757 za wapiga kura wa wilaya, mfano wa wadhamini tunaowajua kwenye fomu za uteuzi za Tanzania. Palmer alirudisha sahihi 1,580, mara mbili ya kiwango. Obama, aliyekuwa na miezi mitatu ya kukusanya, alirudisha zaidi ya 3,000.

Mara tu baada ya Mwaka Mpya wa 1996 watu wa Obama walikuwa kwenye ofisi za Tume ya Uchaguzi ya Chicago, wakipitia sahihi moja baada ya nyingine. Waliweka pingamizi si kwa Palmer peke yake bali kwa wapinzani wote wanne. Sahihi huanguka kwa sababu ndogo ndogo: mtu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia sahihi; anwani aliyoandika si ile iliyoko daftarini; anaishi ng'ambo ya pili ya barabara, nje ya mpaka wa wilaya; au jina lake limekwisha kufutwa. Wakati huo tume ilikuwa imetoka kuondoa maelfu ya majina kwenye daftari, kwa hiyo aliyekusanya kwa kutumia orodha ya zamani alijikuta amebeba sahihi za watu ambao kwenye karatasi hawapo.

Karibu theluthi mbili za sahihi za Palmer zilikataliwa. Marc Ewell alipungukiwa na sahihi 86, Gha-is Askia na 69, na Ulmer Lynch naye akatoka. Palmer alijiondoa katikati ya Januari. Mchujo wa Machi 1996 ukabaki na jina moja: Obama akapita bila kupingwa.

Je, ilikuwa hila? Pingamizi ni haki iliyoko kwenye sheria, na kule Chicago ni mchezo wa kila msimu. Wakongwe wa huko hukusanya mara tatu ya sahihi zinazotakiwa kwa sababu wanajua theluthi mbili zinaweza kuteketea. Palmer hakuwa na muda wa kufanya hivyo. Anayeona ubaya hapa ana hoja: mpiga kura alinyimwa nafasi ya kuchagua. Lakini wizi wa kura haukuwepo, kwa kuwa kwenye karatasi hakukuwa na wa kushindana naye.

"Uchaguzi mkuu ndio uliompa kiti"

Katika wilaya ya 13 mwenye tiketi ya chama cha Democratic ana kiti. Novemba 1996 Obama alipata kura 48,592, sawa na asilimia 82. Wa pili, David Whitehead wa chama kidogo kilichoitwa Harold Washington, alipata 7,461. Mgombea wa Republican alishika mkia akiwa na 3,091. Mwaka 1998 Obama akapata asilimia 89, na 2002 hakuwa na mpinzani kabisa.

Wengine huuliza mbona 1996 kisha 1998, halafu 2002. Hakukuwa na uchaguzi uliovunjwa. Maseneta wa Illinois wamegawanywa makundi matatu, na kila baada ya sensa kila kundi hupangiwa vipindi viwili vya miaka minne na kimoja cha miaka miwili, kwa mpangilio tofauti. Wilaya ya 13 ilikuwa na mpangilio wa nne, mbili, nne: 1992, 1996, 1998. Obama aliingia wakati wa kile kifupi. Shikilia jambo hili, lina kazi mbele.

"Hakuwahi kushindwa uchaguzi"

Alishindwa, tena vibaya. Mwaka 2000 alijaribu kumng'oa Bobby Rush kwenye kiti cha Bunge la Washington, wilaya ya 1 ya Illinois. Katika mchujo wa tarehe 21 Machi Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Seneta mwingine wa jimbo, Donne Trotter, aliambulia 7.

Hesabu ya Obama haikuwa ya kijinga. Februari 1999 Rush alikuwa ameshindwa na Richard Daley katika uchaguzi wa meya wa Chicago, akaonekana amechoka. Lakini aliyeshindwa na Daley mji mzima si lazima ashindwe nyumbani kwake, na Rush, aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, kundi la kutetea haki za Weusi, alikuwa na mizizi ambayo mwalimu wa chuo kutoka Hyde Park, mtaa wa chuo kikuu, hakuwa nayo. Oktoba 1999 mwanawe Rush aliuawa kwa risasi, na watu wakawa upande wa baba aliyefiwa. Mwisho wa mwaka kura ya muswada wa kudhibiti silaha ikapigwa Springfield Obama akiwa Hawaii na familia yake. Muswada ukakwama, naye akashambuliwa magazetini. Kisha Rais Bill Clinton akamuunga mkono Rush.

Hapa ndipo ile ratiba ya vipindi inapojibu swali. Palmer aligombea Washington katika msimu ambao kiti chake kilikuwa kinakaribia kupigiwa kura, akaanguka katikati ya viti viwili. Obama mwaka 2000 alikuwa ndani ya kipindi cha miaka minne kilichoanza 1999. Sheria haikumtaka ajiuzulu ili agombee. Alishindwa Jumanne, akabaki seneta.

"Kura 129 za 'nipo' zinaonyesha alikuwa mwoga"

Seneta wa Illinois ana vitufe vitatu mezani: kijani ni ndiyo, chekundu ni hapana, cha manjano ni "nipo". Katika kura zipatazo 4,000, Obama alibonyeza cha manjano mara 129. Mwaka 2008 wapinzani wake walizitumia sana takwimu hizo.

Kinachosahaulika ni kanuni ya kupitisha muswada. Katika mabunge mengi wanahesabiwa waliopiga ndiyo dhidi ya waliopiga hapana, na aliyekaa kimya hana uzito. Illinois si hivyo. Katiba inadai wingi wa wajumbe wote waliochaguliwa, si wa waliopiga kura, yaani ndiyo 30 kati ya 59. Muswada ukipata ndiyo 29, hapana sifuri na "nipo" 30, umeanguka. Kwa matokeo, basi, manjano na nyekundu ni ndugu.

Tofauti ni ujumbe. "Nipo" hutumika mjumbe anapokubaliana na lengo lakini anaona maandishi yatagonga mwamba wa katiba, au kundi zima linapokubaliana kubonyeza manjano ili wenzao wanaotoka maeneo magumu wapate kificho. Mwaka 1999 Obama alipiga "nipo" kwa muswada wa kuwapeleka vijana wa miaka 15 na zaidi mahakama za watu wazima wakifyatua risasi shuleni au karibu na shule. Kupiga hapana hapo ni kumpa mpinzani tangazo la bure kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo anayesema kitufe cha manjano kilimkinga kisiasa hakosei. Anayesema hakikuwa msimamo wowote, huyo hajui hesabu ya 30.

"Wilaya yake ilikuwa mtaa wa maskini wa Kusini, basi"

Hadi 2002 ilikuwa na Hyde Park ya chuo kikuu pamoja na mitaa ya kipato cha chini ya Upande wa Kusini wa Chicago. Baada ya sensa ya 2000 mipaka ikachorwa upya. Illinois ina utaratibu wa ajabu: tume ya watu wanane, nusu kwa nusu kwa vyama, ikikwama, mjumbe wa tisa huokotwa kwa bahati nasibu. Mwaka 2001 jina lilichomolewa kwenye kofia ndefu iliyoigwa ya Abraham Lincoln, na bahati ikawaangukia Democratic. Ramani mpya iliivuta wilaya ya 13 kuelekea kaskazini, kando ya Ziwa Michigan, kupita katikati ya jiji hadi kwenye majumba ya matajiri ya Gold Coast. Obama akabaki na ngome yake, akaongezewa wapiga kura wenye fedha za kuchangia kampeni. Kwa mtu aliyekuwa anawazia uchaguzi wa jimbo zima, karatasi ile ilikuwa na thamani kuliko hotuba nyingi.

"Miaka minane, hakuna sheria hata moja"

Hadi Januari 2003 Republican walikuwa na wingi katika Seneti, na muswada wa mtu wa upande wa pili ulifia kwenye kamati. Hata hivyo sheria ya 1998 ya kuzuia zawadi kwa wanasiasa ilipita, kwa kuwa aliisukuma pamoja na wa Republican. Ramani mpya ilipogeuza wingi, Emil Jones, yule yule wa mchujo wa 1995, akawa rais wa Seneti, naye Obama akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Mwaka huo huo wa 2003 ikapita sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi na watuhumiwa wa mauaji, na nyingine ya kuwataka polisi waandike asili ya kila dereva wanayemsimamisha. Ya kwanza ilizaliwa katika jimbo ambalo watu 13 walikuwa wametolewa kwenye orodha ya kunyongwa baada ya hukumu zao kubatilishwa. Polisi walipewa miaka miwili ya kujiandaa.

"Alipoondoka, uchaguzi mdogo ukaitishwa"

Novemba 2004, katika uchaguzi wa useneta wa Washington, Obama alimshinda Alan Keyes wa Republican kwa asilimia 70 dhidi ya 27, akajiuzulu Springfield siku mbili baadaye. Kenya au Tanzania tungengoja tarehe ya uchaguzi mdogo. Illinois, makada wa chama kilichokuwa na kiti huketi na kuteua mrithi ndani ya siku 30, na kila kada ana uzito kulingana na kura za eneo lake. Walimteua Kwame Raoul, mwana wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye baadaye alichaguliwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Raoul alipoondoka, Robert Peters naye akaingia kwa kuteuliwa, 2019. Na Alice Palmer? Aliteuliwa vivyo hivyo, 1991. Katika warithi hao wanne wa wilaya ya 13, Obama peke yake ndiye aliyeingia mara ya kwanza kwa kura, na katika mchujo wa kura hiyo jina lililobaki kwenye karatasi lilikuwa lake tu.