Kuchemka kwa fujo hakuivishi maharagwe haraka

Hapa Goma wengi tunaamini maharagwe yakichemka kwa fujo yanaiva upesi, basi tunapepea mbabula, yaani jiko la mkaa, na kuongeza makala (mkaa). Sivyo. Maji yakishachemka hayapandi joto tena. Moto wa ziada unayageuza mvuke tu. Na sisi tuko juu: Ziwa Kivu liko kama mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharagwe hukawia, hata upepee mpaka mkono uchoke. Yaloweke usiku kucha. Yakianza kuchemka, funika sufuria vizuri, punguza makala, uyaache yatokote polepole. Hayatachelewa, na gunia la makala, ghali lilivyo, litadumu zaidi.