Kupachika vifaa vya elektroniki kwenye miwani ya kawaida: yanayosemwa na yalivyo

Kamera ndogo, spika ya mfupani (inayopitisha sauti kwenye mfupa wa kichwa), skrini ya pembeni mwa jicho, kisomeo cha maandishi kwa asiyeona vizuri: vyote hivi siku hizi vinaweza kufungwa kwenye miwani ambayo mtu anayo tayari. Kwa Unguja na Pemba, ambako wengi wana miwani moja tu na lenzi ya nguvu maalumu huagizwa ikasubiriwa, tunalishika sharti moja kabla ya mengine yote: kifaa kiweze kuondoka na miwani ibaki kama ilivyokuwa. Dhana nyingi zinazozunguka madukani na kwenye makundi ya simu zinakwenda kinyume na sharti hilo.

"Kidude chenyewe chepesi, gramu 20 hazisikiki"

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Miwani ya kawaida, fremu na lenzi zake, huwa na uzito wa gramu 20 hadi 35. Ukiongeza 20 umekaribia kuuzidisha mara mbili, tena kwa upande mmoja. Na linaloumiza zaidi ni mahali uzito ulipokaa.

Mkono wa miwani umeegemea sehemu mbili, pua kwa mbele na sikio kwa nyuma, na baina yake kuna kiasi cha milimita 100. Kifaa cha gramu 20 ukikifunga milimita 25 kutoka mbele, gramu 15 zinakwenda puani na 5 sikioni. Kisogeze hadi milimita 75, hesabu inageuka: 5 puani, 15 sikioni. Sikio linahimili. Pua, yenye vipedi viwili vidogo, haihimili. Inapata alama nyekundu, na jasho la kaskazi likishuka miwani inateleza. Betri ukiipeleka nyuma kabisa ya sikio inakusaidia mara ya pili, kwa sababu gramu 10 zinazoning'inia milimita 30 nyuma ya sikio zinaondoa gramu 3 puani. Kwa hivyo kamera ikae mbele kwa kuwa haina budi, saketi katikati, betri nyuma.

Kabla hujatoa pesa, jaribu kwa sarafu. Sonara ana mizani inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu. Mwombe akupimie sarafu chache mpaka zifikie uzito wa kifaa unachokitaka. Zifunge kwenye mkono wa miwani, mahali pale pale kifaa kitakapokaa, uvae tangu asubuhi hadi alasiri ukifanya kazi zako. Ukizivua kabla ya adhuhuri, kifaa nacho utakivua.

Uzito wa upande mmoja pia hupinda fremu. Iweke miwani juu ya meza iliyonyooka, mikono ikiwa wazi: ncha zote mbili zinapaswa kugusa meza. Ukiona moja imeinuka, lenzi zako zimeshakaa mshazari mbele ya macho. Mwenye lenzi za sehemu mbili (juu ya kuonea mbali, chini ya kusomea) au za kurekebisha astigmatizimu (jicho lisilo na mviringo sawa) atalihisi hilo upesi, kichwa kitamuuma bila ya kujua sababu. Mwenye lenzi kali naye hasalimiki: lenzi ya asiyeona mbali yenye nguvu ya −6.00 ikiteleza milimita 10 mbele ya mahali pake, jicho linaipata kama −5.66.

"Tone la supagluu linamaliza kazi"

Linaimaliza miwani. Supagluu inapokauka hutoa mvuke, na mvuke huo hutua kwenye lenzi ukaacha ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Hapo mtu hukimbilia asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Asetoni huyeyusha asetate, plastiki inayotengenezewa fremu nyingi nzuri, na lenzi ya polikaboneti ikiguswa nayo hutawanya nyufa nyembamba. Juu ya yote, supagluu hukauka ngumu kama kigae. Mkono wa miwani unanyumbuka kila ukivaliwa, gundi haifuati, inabanduka na rangi ya fremu.

Mrija wa kusinyaa kwa moto, ule mafundi wanaofungia nyaya, nao haufai juu ya mkono wa plastiki. Unahitaji nyuzi 90 na zaidi ndipo usinyae, na asetate hulainika mapema kabla ya hapo. Mkono utapinda mikononi mwako, na kama betri iko karibu, umeichoma.

Kinachofaa kipo kwa fundi baiskeli. Chukua kipande cha tyubu kuukuu, kikate ukanda wa upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 120, ukioshe kwa sabuni mpaka unga wa ndani uishe. Uzungushe juu ya kifaa na mkono wa miwani huku ukiuvuta, na ncha ya mwisho uipitishe chini ya mzunguko wa mwisho kisha uivute. Funga mahali pawili, mwanzo na mwisho wa kifaa. Fundo moja huacha kifaa kikajizungusha. Mpira huu unashika hata ukiloa jasho, hauli rangi, na unafunguka kwa dakika.

Ukitaka usafi zaidi, tumia utepe wa gundi wa pande mbili wenye povu la akriliki. Ubandike kwenye kibati kidogo kitakachobaki kwenye mkono, kifaa chenyewe kichomekwe juu ya kibati. Futa mkono wa miwani kwa spiriti, usiguse lenzi, ngoja ukauke, bandika, ukandamize kwa kidole gumba sekunde 15. Watu hupachika kifaa papo hapo, kikaanguka, wakailaumu gundi. Gundi hii baada ya dakika 20 inakuwa na nusu tu ya nguvu zake, baada ya siku moja kiasi cha asilimia 90, na hukamilika kwa saa 72. Siku ya kuubandua, upitishe mshipi mwembamba wa kuvulia kati ya povu na fremu, ukiuvuta kama msumeno.

Usitoboe fremu, na lenzi usiiguse kabisa. Waya unaovuka bawaba uachiwe kitanzi cha milimita 20 hadi 30, la sivyo utakatika kwa ndani baada ya kufunguliwa na kufungwa kwa wiki chache, na kwa nje utauona mzima. Skrubu za bawaba zikague kila wiki. Uzito wa ziada huzilegeza.

"Fremu ya chuma itashika sumaku yenyewe"

Mara nyingi haishiki. Titani na alumini hazivutwi na sumaku, na aloi nyingi nyingine za fremu huvutwa kwa udhaifu mno. Vifaa vya sumaku huja na kibati chake cha kubandika. Nzuri kwa kuondoka upesi, lakini sumaku hizi kali zimepakwa nikeli, na nikeli ikichubuka, hewa ya pwani huzigeuza unga wa kutu. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au kilichopandikizwa kichwani amuulize daktari wake kwanza.

"Skrini iko karibu na jicho, basi asiyeona mbali hahitaji lenzi"

Inaonekana ina mantiki, ila sivyo macho yanavyofanya kazi. Jicho haliwezi kusoma kitu kilichokaa sentimita 2 mbele yake. Ndiyo maana skrini hizi zina kioo cha kuipeleka taswira mbali: Google Glass ya 2013, kwa mfano, ilielezwa kuwa sawa na skrini ya inchi 25 iliyowekwa futi 8 mbele yako, yaani kama mita 2.4. Jicho linalenga huko, si kwenye kioo.

Sasa chukua mtu asiyeona mbali, mwenye lenzi ya −3.00. Bila ya miwani mwisho wake wa kuona wazi ni sentimita 33. Taswira ya mita 2.4 kwake ni ukungu mtupu, kwa hivyo skrini lazima ikae mbele ya lenzi yake, upande wa nje. Ikipita ndani, kati ya jicho na lenzi, lenzi haimsaidii tena.

Mwenye miaka 50 anayevaa miwani ya kusomea ya +2.50, ile ya kununua sokoni, ana tatizo jengine. Miwani hiyo imewekwa kwa sentimita 40. Ukiipachika skrini ya mita 2.4, maandishi yatavurugika hata kama bila ya miwani huona mbali vizuri sana. Huyu apachike skrini kwenye fremu yenye lenzi za kuonea mbali, au zisizo na nguvu yoyote. Wauzaji hawalisemi hili, na ndilo linalorudisha bidhaa nyingi kabatini.

"Chaja ni chaja, na betri kubwa ndiyo bora"

Betri ya lithiamu ya 100 mAh (miliampia-saa, kipimo cha umeme inaoubeba) ina uzito wa kama gramu 3. Ya 1000 mAh hufika 20. Piga hesabu ya matumizi kwanza. Kifaa cha sauti kinachokula miliampia 10 kitakwenda saa 8 hivi kwa betri ya 100 mAh, ukishatoa upotevu. Kamera inayorekodi kwa miliampia 300 itaimaliza ndani ya dakika 20. Kwa kamera, weka betri kubwa mfukoni mwa kanzu au kwenye mkoba, waya mwembamba wa silikoni upite nyuma ya shingo.

Hatari iko kwenye kuchaji. Kibao kidogo cha kuchajia chenye chipu ya TP4056, ambacho mafundi wengi hukitumia, hutoka kiwandani kikiwa kimewekwa kwa ampia 1. Betri ya 100 mAh inataka miliampia 50, isizidi 100. Ukiiunga hivyo hivyo unaisukumia mara kumi ya kikomo chake, inavimba, na iko nyuma ya sikio la mtu. Dawa ni kubadilisha rezista moja (kipande kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme), ile yenye alama 122 iliyo karibu na chipu, yaani ohm 1200. Kanuni ni 1200 gawa kwa ohm za rezista, jawabu ni ampia. Rezista ya ohm 24,000, yenye alama 243, inakupa miliampia 50. Baada ya kulehemu, pima kwa mita ya umeme: mkondo uwe karibu na hapo, na voltiji ikijaa isizidi 4.2. Chagua kibao chenye sehemu za OUT+ na OUT−, kwa sababu hicho kina ulinzi wa betri kuisha kupita kiasi.

Usichaji huku umevaa. Na usiache miwani juu ya dashibodi ya daladala wala kwenye jua la ngalawa: betri hizi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la juu ya nyuzi 45, na jua la saa sita hupita hapo bila ya taabu.

"Kimeandikwa IP67, naweza kuingia nacho baharini"

IP67 ni kipimo cha kuhimili maji matamu, kina cha mita 1, dakika 30, kifaa kikiwa kipya. Bahari haimo. Chumvi hubaki kwenye tundu la chaji, na umeme ukipita hapo shaba hugeuka kijani kwa siku chache. Kwa mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, na kwa mvuvi popote, utaratibu ni huu: futa kwa kitambaa kilicholowa maji matamu, kausha kabisa, ndipo uchaji. Jasho nalo lina chumvi, hesabu hiyo hiyo.

"Mawimbi yake yanaunguza ubongo"

Redio ya Bluetooth ya vifaa hivi kwa kawaida hutoa miliwati chache tu, chini sana ya simu inayopigwa ikiwa sikioni. La kuangalia ni joto la kifaa chenyewe. Ngozi inayoguswa kwa saa nyingi inaweza kuungua kwa kitu cha nyuzi 43 tu, na hewa yetu ya Januari imeshafika 32. Kifaa unachokiona "moto kidogo" dukani kwenye kiyoyozi kitakuwa moto kweli nje, sokoni Darajani. Kiinue milimita 2 kutoka ngozini kwa kipande cha povu.

Fremu ya chuma, kwa upande wake, huvuruga antena. Sauti ikikatika-katika, sogeza ncha yenye antena milimita 10 mbali na chuma kabla hujamlaumu fundi.

"Chini ya mtandio hakionekani, basi ni sawa"

Nguo inayofunika kifaa huzuia joto lisitoke, na maikrofoni husikia msuguano wa kitambaa kuliko maneno. Kwa anayevaa mtandio, iache sehemu ya mbele ya mkono, kama milimita 30, nje ya nguo kwa ajili ya kamera na maikrofoni. Spika ya mfupani inaweza kubaki ndani, na mara nyingi mtandio huisaidia kwa kuikandamiza kwenye mfupa. Kofia haina tatizo ila inapokaa chini sana ikausukuma mkono wa miwani nje.

Kufichika kwa kamera ni jambo jengine. Kwenye shughuli za wanawake, msikitini na skuli, ivue. Kuizima hakutoshi, kwani aliye mbele yako hawezi kujua kama imezimwa. Hii ndiyo faida ya kifungio kinachofunguka upesi.

"Kisomeo cha wasioona kinasoma kila kitu"

Hapa ndipo vifaa hivi vina thamani kubwa kuliko pengine popote. OrCam MyEye ya pili, iliyotoka 2017, ina gramu 22.5, hushika kwa sumaku kwenye kifungio chake kinachowekwa kwenye mkono wa miwani, na kusoma maandishi kwa sauti. Lakini kisomeo chochote hutegemea mwanga, maandishi yaliyochapwa wazi, na lugha iliyowekwa ndani yake. Kikisoma Kiswahili kwa matamshi ya lugha nyengine, hutafahamu kitu. Nenda dukani na miwani yako mwenyewe, ukurasa wa gazeti la Kiswahili, risiti ya umeme na pakiti ya dawa unayoitumia. Kivae, kaa mlangoni penye mwanga, kisha rudi ndani penye giza, na kisome vyote vitatu mahali pote pawili kabla hujalipa.