Vitamini C na Saratani ya Damu: Kabla Hujanunua Dripu

Mama mmoja kutoka Nyalenda, hapa Kisumu, alifungua mkoba wake kliniki, akatoa mkebe wa vitamini C, vile vidonge vya rangi ya chungwa vinavyotoa povu majini. "Daktari, mzee wangu nampa viwili asubuhi, viwili jioni. Si ni kama matunda tu?"

Mumewe anaugua mieloma, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho, na dawa anayodungwa ni bortezomib. Maabara zimeonyesha kwamba vitamini C hujishika na dawa hiyo na kuipunguzia makali. Mama yule alikuwa akimtunza mumewe kwa moyo wote, na hakuna aliyekuwa amemuuliza ana nini mkobani.

Habari ya vitamini C na saratani ni ya miaka mingi. Mwaka 1976 Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani, na daktari Ewan Cameron wa Scotland walitangaza kwamba wagonjwa waliopewa vitamini hiyo kwa wingi waliishi muda mrefu zaidi. Hospitali ya Mayo Clinic ikajaribu kuthibitisha: gramu 10 kwa siku, kwa mdomo, huku wengine wakipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Matokeo ya mwaka 1979 na ya 1985 hayakuonyesha nafuu yoyote.

Mbona basi watafiti wamerudi tena? Kwanza, ilibainika kwamba ukimeza nyingi, utumbo hufyonza kiasi tu na figo hutoa inayozidi kwa mkojo. Dripu huingia moja kwa moja kwenye mshipa, na kiwango kwenye damu hupanda mara nyingi zaidi. Pili, na hili ndilo linalonipa matumaini, kwenye uboho kuna kimeng'enya kiitwacho TET2 kinachosaidia chembe changa za damu kukomaa. Jeni yake ikiharibika, chembe hizo hubaki changa na kuzaana ovyo. Mwaka 2017 timu mbili za Marekani zilionyesha, kwa panya, kwamba vitamini C hukipa nguvu kimeng'enya hicho na kuzuia lukemia, yaani saratani ya chembe za damu, isiendelee. Huko Denmark wagonjwa wamepewa vidonge vya vitamini C pamoja na azacitidine, dawa ya saratani ya damu, na wengi wao walikutwa na upungufu wa vitamini hiyo tangu mwanzo.

Hayo bado ni majaribio. Panya si binadamu, na azacitidine si bortezomib. Mwaka 2008 watafiti wa New York walikuta kwamba vitamini C ilizikinga chembe za lukemia na limfoma (saratani ya tezi) dhidi ya dawa kadhaa za kemotherapia, vincristine ikiwemo. Vincristine ni miongoni mwa dawa tunazowapa watoto wenye limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao sisi watu wa kandokando ya ziwa tunaujua kwa ule uvimbe wa taya.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Penye malaria nyingi wako watu waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu. Mtu wa namna hiyo akipewa dripu kubwa ya vitamini C, chembe nyekundu hupasuka, mkojo ukawa mweusi kama kahawa, na figo zikaweza kufa. Kipimo cha damu hulionyesha mapema. Anayekuuzia dripu bila kukupima hilo na figo, mkatae. Wenye kisukari pia wajue kwamba baada ya dripu hiyo glukomita, ile mashine ya kupimia sukari, inaweza kusoma sukari juu ya ilivyo.

Chakula, kula. Pera, papai, chungwa, osuga (mnavu) isiyochemshwa mpaka ikalegea. Matunda yaoshwe vizuri na kumenywa, kwa sababu kemotherapia hushusha kinga.

Siku ya kliniki njoo na mkoba mzima: vidonge, poda, hata dawa ya kienyeji uliyopewa na shangazi. Hatutakugombeza. Mkebe wa yule mama tuliuweka mezani, tukaandika jina la vidonge kwenye faili ya mzee, naye akaviacha kabla ya sindano iliyofuata.